Jiwe la Rudia Tuone

Paukwa!

Pakawa!

Hamkuitikia, mmenong'ona. Hadithi haiingii kwenye nyumba ya wanaonong'ona, inadhani ndani mna mgonjwa. Paukwa!

PAKAWA!

Naam, hapo sawa. Pakawa jiwe, jiwe likawa na mlango, wakatokea wawili wakaufunga, na walipokwisha kuufunga wakajikuta wako nje wote wawili. Mashavu, sogea, mwachie babu yako nafasi. Na wewe Kombo, muwa huo utafune taratibu, nisije nikadhani unatafuna hadithi yangu.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaulizana mambo kabla ya kung'atana, palikuwa na Mlima wa Ukungu, na chini yake palikuwa na Bonde la Jua. Mlimani ukungu. Bondeni jua. Mlimani alitawala Chui. Bondeni alitawala Mamba. Na katikati, pale mlima unapokwisha na bonde linapoanza, palikuwa na jiwe. Jiwe pana, bapa, limelala chali. Jina lake Jiwe la Rudia.

Kwa nini likaitwa hivyo? Tulieni, ndiko ninakokwenda.

Kila mwezi ulipoandama, asubuhi yake wanyama wa juu walishuka na wanyama wa chini walipanda. Mwenye jambo jipya alisimama juu ya jiwe akasema mambo matatu. La kwanza: nimeona nini. La pili: nimeona mara ngapi. La tatu: nilikosea wapi. Asiyetaja kosa lake aliteremshwa, hata awe na pembe za namna gani. Na akimaliza, wote walipaza sauti pamoja: "Rudia tuone!"

Lakini harudii yeye. Anayerudia lazima awe wa ng'ambo. Jambo la mlima lilirudiwa na mnyama wa bonde, jambo la bonde lilirudiwa na mnyama wa mlima. Mgeni akiuliza sababu, aliambiwa hivi: "Ndugu yako atakuonea haya. Wa ng'ambo hana haya na wewe."

Siku moja Ngiri wa mlimani alipanda jiweni, mkia juu kama kawaida yake. Akasema, "Nimeona kwamba tope likipakwa sikioni linaponya kwikwi. Nimeona mara tatu. Kosa langu ni kwamba mara moja nilipaka sikio la jirani."

"Rudia tuone!"

Kobe wa bondeni akaenda kurudia. Akakaa miezi miwili, si mnamjua Kobe. Akarudi, akapanda jiweni, akafungua kinywa. "Hik!" Akajaribu tena. "Hik! Jamani, nimepaka mara saba. Hik! Bado ninayo."

Wakacheka mpaka wakashikana mbavu, na Ngiri mwenyewe akacheka kuliko wote. Kukosea jiweni hakukuwa aibu. Aibu ilikuwa kuficha.

Sasa mlimani aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Ukubwa wake wa sungura, masikio yake ya panya, na maneno yake ya tembo. Anakaa kwenye mianya ya mawe, na hajawahi kuamka bila la kusema. Na bondeni aliishi Mama Pofu. Sisemi kipofu, nasema Pofu, yule mnyama mkubwa mwenye pembe zilizosokotwa na ngozi inayoning'inia shingoni. Yule ambaye akitembea magoti yake yanalia. Ka! Ka! Ka! Ukimsikia kabla hujamwona, ndiye.

Wawili hawa walipenda kubishana. Pimbi akitangaza jambo, Pofu ndiye mrudiaji. Pofu akitangaza, mrudiaji ni Pimbi. Wakigombana leo, kesho wanatafutana. Pofu alikuwa na binti mmoja tu, Zawena, ndama mwenye mistari myeupe ubavuni, na Pimbi alimwita mwanangu wa bonde.

Mwezi mmoja Bi Pimbi alipanda jiweni na kifurushi cha majani. Majani ya utupa, kile kichaka chenye maua ya zambarau. Akasema, "Nimeona kwamba maji ya utupa uliopondwa yanaua kupe. Unapaka, unahesabu pumzi kumi, wanadondoka. Po! Po! Po! Nimeona mara kumi na mbili. Makosa yangu mawili. Mara ya kwanza nilitia majani mengi, ngozi ikababuka. Mara ya tano niliyamwaga maji yake kwenye kidimbwi, vyura wakalewa, wakaelea matumbo juu. Nikawatoa mbio nikawatia kwenye maji yanayotembea, wakazinduka."

"Rudia tuone!"

"Nitarudia mimi," akasema Mama Pofu. Akachukua kifurushi kwa meno, akashuka nacho bondeni. Ka! Ka! Ka!

Jamani, siku hiyo Fisi alikuwepo. Fisi hana mlima, Fisi hana bonde, upande wake Fisi ni tumbo. Katika maneno yote ya Pimbi, la kuponya halikumwingia. La kosa lilimwingia. Vyura wakaelea matumbo juu! Akajilamba.

Akaenda akachimba utupa mizizi yote, maana mizizi ni mikali kuliko majani. Akaiponda, akaitupa kwenye dimbwi la Mamba. Chubwi! Samaki wakaelea. Wakubwa kwa wadogo, matumbo juu, dimbwi zima likawa jeupe. Fisi akala, akala, akala, mpaka tumbo likaburuta chini.

Mamba akanusa maji. "Huu ni utupa! Huu ni ule wa jiweni!" Akakumbuka maneno ya maji yanayotembea. Akapiga kingo kwa mkia, pwata! Maji ya mto yakaingia kwa nguvu, na samaki waliosalia wakaanza kupiga mapezi. Lakini wengi walikuwa wameshakufa. Mamba akalia. Ndiyo, yeye hasa, na safari hii yalikuwa machozi ya kweli.

Wakamkamata Fisi, magamba ya samaki yamemjaa mdomoni. "Si mimi," akasema Fisi. "Yaani ni mimi, lakini aliyenifundisha ni wa mlimani."

Sasa sikilizeni. Wakati huo Chui na Mamba walikuwa tayari wamenuniana, kisa ile chumvi ya ardhini ambayo wanyama huilamba. Chui anasema chumvi ni yake, Mamba anasema ni yake. Basi neno la Fisi likaanguka kwenye majani makavu.

Mamba akapanda mpaka jiweni akanguruma. "Elimu yenu imeniulia samaki! Kuanzia leo hakuna jani la mlima litakaloshuka bondeni kwangu. Atakayeleta jingine nitamvuta majini!"

Chui naye akasimama upande wa juu. "Kwanza tunashukuru! Kuanzia leo hakuna neno la mlima litakaloshuka bondeni. Mnakuja hapa mnasikia siri zetu, kesho mtatupondea sisi. Anayejua na ajue kwao!" Akatoa kucha zote, akakwaruza jiwe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Krrrrrr! Mstari ukachimbika ndani ya jiwe, mrefu, wa kina. "Atakayeuvuka mstari huu nitamla."

Wanyama wakatazamana. Juu wakapanda, chini wakashuka. Bi Pimbi, yule wa maneno ya tembo, alifungua mdomo akaufunga. Nami nasema waziwazi kwamba hapo alikosea. Angesema. Lakini Chui alikuwa na kucha nje, na mimi sikuwepo, basi tumsamehe.

Miezi ikaandama, mmoja baada ya mwingine, jiwe tupu. Halafu kupe wakaja.

Wakaja si kwa mmojammoja. Wakaja kwa majani, kwa nyasi, kwa kila njia. Wakaingia masikioni, kwapani, chini ya mkia. Mlimani wakaja, bondeni wakaja. Kupe hawakuuona mstari wa Chui.

Mlimani Bi Pimbi akaponda utupa. Akapaka. Po! Po! Po! Kupe wakadondoka kwenye ukungu. Wanyama wa mlimani wakashangilia. "Dawa yetu! Elimu yetu! Waacheni wa bondeni wajikune!" Chui akazungusha mkia kwa fahari. Akaweka walinzi kuzunguka vichaka vya utupa, nyani sita kila upande.

Bondeni Mama Pofu alikuwa bado na kile kifurushi. Alikificha chini ya jiwe la mto siku Mamba alipokataza, maana alikuwa ameahidi kurudia, na Pofu akiahidi ameahidi. Akaponda majani asubuhi, akampaka Zawena. Jua likawaka. Akahesabu pumzi kumi. Kupe wamekaa. Akahesabu ishirini. Wamekaa. Akapaka tena kesho yake, na kesho kutwa. Wamekaa, na wengine wamekuja kuwatembelea.

Mamba alipopata habari hakumvuta mtu majini. Alicheka. "Mmeona? Hata dawa yenyewe ni uongo! Wale wanajua kuua tu." Na wanyama wa bondeni, waliochoka kujikuna, wakaitikia: "Uongo! Uongo wa mlima!"

Pofu hakuitikia. Akasema moyoni, "Pimbi ninamjua. Ana mdomo mchafu, ana kiburi, ananikatiza ninapozungumza. Lakini hana uongo." Hata hivyo kupe walikuwa wamekaa pale pale, na Zawena alikuwa ameacha kucheza. Mwaka ulipokaribia kwisha aliacha kula. Siku tatu baadaye aliacha kufukuza nzi. Mama akiona mtoto haangaiki tena na nzi usoni, hahitaji kuambiwa.

Na mlimani je? Mlimani kiangazi kikaingia. Ukungu ukaondoka. Jua likapiga mawe mpaka mijusi wakarukaruka kwa kuungua miguu. Bi Pimbi akaponda, akapaka, akahesabu. Kupe wamekaa. Mwaka mzima dawa imefanya kazi, leo wamekaa!

Chui akaamuru, "Ongezeni majani!" Wakaongeza. Ngozi zikababuka. "Ongezeni tena!" Wakaongeza tena. Nyani mmoja makalio yalimvimba hata hakuweza kukaa, na nyani asiyekaa, jamani, hana raha duniani. Bi Pimbi akawauliza, "Ninakosea wapi? Nambieni." Wakamjibu, "Hujakosea, Bi Pimbi. Dawa yetu ni nzuri sana, Bi Pimbi." Huku wanajikuna.

Pimbi akaenda kwenye mwanya wake akakaa peke yake. Akasema, "Nina wasifiaji mlima mzima. Sina hata mmoja wa kunibishia." Akamkumbuka Mama Pofu, akalia kidogo, halafu akakasirika. Hasira ya pimbi ni ndogo lakini inauma.

Asubuhi iliyofuata, jua likiwa juu ya bonde, mlima wote ulisikia sauti. Ka! Ka! Ka! Inapanda. Kombo, nani huyo?

"Pofu!"

Ndiye. Pofu hawezi kwenda mahali kwa siri, magoti yake hayamruhusu. Anapanda kuelekea jiweni, mchana kweupe, na ubavuni amemwegemeza Zawena. Zawena hatua mbili, analala. Anamnyanyua kwa pua. Hatua mbili, analala. Ka! Ka! Ka! Bonde zima likamfuata nyuma kuona atakavyoliwa. Mlima wote ukashuka kuona vilevile. Mamba akatambaa akapanda. Chui akashuka, masikio yamemvimba kwa kupe, siku nne hajalala.

Mama Pofu akasimama upande wa chini wa mstari. Akamlaza mwanawe kwenye kivuli chake mwenyewe. Akaita, "Bi Pimbi! Nimekuja kurudisha jibu. Uliniambia nirudie, nimerudia."

Bi Pimbi akachomoka mwanyani na kifurushi cha majani, akakimbia, akapita katikati ya miguu ya Chui, akasimama juu ya jiwe. "Sema!"

"Nimeona nini: kupe hawadondoki. Nimeona mara tatu. Nilikosea wapi: sijui. Ndiyo maana nimekuja."

"Hawadondoki!" Pimbi akaruka juu. "Na mimi kwangu walidondoka mwaka mzima, na sasa hawadondoki! Ulitia majani mangapi?"

"Mangapi tena? Yale uliyosema."

"Uliponda ukapaka hapohapo?"

"Hapohapo. Nimekuwa mjinga lini?"

"Sijasema mjinga, Mama Zawena, punguza. Ulipaka saa ngapi?"

"Asubuhi, jua likiwaka."

"Jua linawaka asubuhi?"

"Bi Pimbi, kule kwetu jua linawaka tangu linapofungua macho! Wewe kwani kwenu haliwaki?"

Pimbi akanyamaza. Nasema akanyamaza, Pimbi! Akatazama mlima wake, ukungu haupo. Akatazama jiwe, jua limelilamba jeupe. Akasema polepole, "Kwetu lilikuwa haliwaki. Kwetu mwaka mzima tulipaka ndani ya ukungu. Na tangu ukungu uondoke..." Akapiga paji la uso. "Nyani haoni kundule! Mwaka mzima nauliza wingi wa majani, sijauliza habari ya mbingu!"

"Jua," akasema Mama Pofu. "Jua linakula dawa."

"Jua linakula dawa!" akasema Pimbi. "Lakini hatujaona. Tujaribu."

Tii! Chui akaruka juu ya jiwe, unyayo umeinuka. "Tujaribu nini? Hapa ni mpaka! Kila neno unalomwambia huyu ni mkuki unaompa Mamba. Geuka urudi juu, Pimbi, au nikumeze."

Pimbi akamtazama kutoka chini mpaka juu. Akasema, "Nimeze, Bwana Chui. Mimi sitoshi hata kwa kitafunio. Lakini ukishanimeza, masikio hayo utampelekea nani?"

Chui akajikuna sikio bila kutaka. Mlima ukamwona. Bonde likamwona. Akashusha unyayo.

Basi wakaponda utupa hapo hapo, twi! twi! twi! Maji yake wakayagawa kwenye maganda mawili ya konokono. Ganda moja likawekwa juu ya jiwe, juani. Jingine likatiwa chini ya jiwe, kwenye ubaridi. Wakangoja. Wanyama wote wakangoja, wa juu huku, wa chini kule, hakuna aliyeondoka. Kivuli cha jiwe kikatembea hatua, kikatembea hatua ya pili, kikatembea ya tatu. Zawena alikuwa anapumua, mama yake anahesabu.

"Lala kivulini, Bwana Chui," akasema Pimbi. Chui akalala, ananung'unika. Sikio la kulia akapakwa dawa ya juani. Sikio la kushoto akapakwa dawa ya kivulini. Wote wakahesabu pumzi. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa.

Po!

Sikio la kushoto. Po! Po! Po-po-po-po! Kupe wakamwagika. Sikio la kulia? Wamekaa, wanakunywa kama hakuna kilichotokea.

Chui akasimama. Akatikisa kichwa, upande mmoja mwepesi, upande mmoja mzito. Akafumba macho kwa raha. Kisha akayafumbua, na macho yakawa yale yale ya zamani. Akasema, "Vizuri. Sasa tumejua. Dawa ni yetu. Chukua majani, Pimbi, twende juu."

Mnasikia huyo? Ndivyo walivyo wengine. Jibu wamepewa na wawili, kuondoka wanataka nalo mmoja.

Mama Pofu akamgeukia Bi Pimbi. Alimtazama tu, na mwanawe kalala miguuni pake. Safari hii Bi Pimbi hakufunga mdomo.

"Dawa ni yetu?" akasema. "Bwana Chui, nusu yake imetoka kinywani mwa huyu. Bila jua la kwao ningekuwa bado naongeza majani, na nyani wangekuwa bado wamesimama. Halafu tumejua nini? Nimeona mara moja, sikio moja, la mnyama mmoja. Mara moja ni bahati. Nani atarudia? Hawa wa kwetu? Hawa mwaka mzima wameniambia ndiyo, Bi Pimbi, huku ngozi zinatoka!" Nyani wakatazama chini.

"Na samaki wangu?" Ni Mamba huyo, sauti nzito kutoka nyuma. "Mnaongea vizuri, mnasahau samaki wangu."

Pimbi akamgeukia. "Sijasahau. Mzee Mamba, una haki. Nilisimama hapa nikasema kila kitu, sikutazama nani anajilamba. Hilo ni kosa langu la tatu, nalitaja leo mbele ya wote. Lakini nikuulize. Kingo ulizivunja kwa mkia. Ni nani alikwambia kwamba maji yanayotembea yanazindua?"

Mamba akageuza macho kuelekea dimbwi lake. "Nilisikia jiweni," akasema.

"Fisi alisikia la kuua, wewe ukasikia la kuokoa. Siku ile ile, kinywa kile kile. Nisingesema, Fisi angejua siku moja kwa bahati yake, na wewe ungenusa maji usijue ni nini. Sasa sikieni wote wawili. Majani ni ya kila mtu. Mizizi ndiyo mikali, na mizizi isichimbwe na mmoja. Ichimbwe na wawili, wa juu na wa chini, kila mmoja anamtazama mwenziwe mikono. Nyani sita walinde hilo. Huko ndiko kulinda. Hili la kukwaruza jiwe ni kujifungia chooni na moto."

Bonde likacheka. Mlima ukajaribu kutocheka, ukashindwa. Mamba akafikiri, akapiga mkia mara moja. "Mizizi kwa wawili, nakubali. Na mrudiaji wa leo ni wa kwangu." Akageuza shingo yake nzito akamtazama Zawena. "Rudia tuone," akasema Mamba.

Zaidi ya mwaka mzima maneno hayo hayakusikika. Kobe akayadaka. "Rudia tuone! Hik!" Ngiri wa mlimani akaitikia. Nyani wakaitikia. Juu wakaitikia, chini wakaitikia, mpaka mawe yakaitikia. "RUDIA TUONE!"

Chui akawatazama wake, wote vinywa wazi. Akatazama sikio lake la kulia, kama mtu anaweza kulitazama sikio lake. Akakaa chini. "Upesi basi," akasema. "Huyo akimaliza, mnipake na hili."

Bi Pimbi akauvuka mstari. Akauvuka kwa miguu yote minne, hakutazama nyuma. Akalibeba lile ganda la kivulini, akampaka mwanawe wa bonde masikioni, kwapani, shingoni, kila penye mistari myeupe, na Mama Pofu akasimama juu yao, mwili wake wote mkubwa ukizuia jua. Hakutikisika. Magoti yake yalinyamaza.

Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita. Saba. Nane. Tisa. Kumi.

Kimya.

Kumi na moja. Kumi na mbili.

Po!

Po! Po! Po! Wakadondoka kama punje, na bonde likapiga kelele, na mlima ukapiga kelele, na Mama Pofu akaangua kilio kama mtoto. Pimbi akamwambia, "Nyamaza, Mama Zawena, unanidondoshea machozi kwenye dawa." Naye mwenyewe alikuwa analia, tena zaidi.

Ule mstari wa Chui haukufutika, jiwe likishakwaruzwa limekwaruzwa. Basi wakaufanya kinu. Utupa ukapondewa humo, ndani ya mstari, wa juu wakichota kwa juu na wa chini wakichota kwa chini, na wote wakipaka jua linaposhuka. Kupe wakapungua. Ugomvi wa chumvi ulibaki, siwadanganyi. Chui na Mamba hawajapatana mpaka leo. Lakini mwezi ukiandama, wananuniana huko huko jiweni, na jambo la huyu linarudiwa na wa yule. Fisi alirudi siku moja akitaka mizizi. Wakamwambia, "Sawa, mlete mwenzako wa kuchimba naye." Akazunguka mlima, akazunguka bonde. Anazunguka hadi sasa, ndiyo maana mkimwona hatulii.

Na Zawena? Siku ya tatu alikula. Siku ya tano alimfukuza nzi. Na mwezi ulipoandama, wanyama wakiwa wamekusanyika, walisikia kutoka bondeni sauti inapanda. Ka! Ka! Ka! Bi Pimbi akasimama kwa miguu miwili, akatega masikio yale ya panya. Ka! Ka! Ka! Na nyuma yake, nyembamba, ya haraka haraka:

Ki! Ki! Ki! Ki! Ki!

Haya, lishikeni la kushika. Elimu iliyofungiwa nyumbani haipati wa kuikosoa, na isiyokosolewa hugeuka ikamwunguza mwenyewe ngozi. Adui yupo, sikatai, hata Fisi yupo. Basi wekeni mlinzi mlangoni, lakini mlango uacheni uwe mlango.

Hadithi yangu inatua mzigo wake hapa. Nimeisimulia mara tisa, na kosa langu ni kwamba hapo kwenye nyani huwa naongeza chumvi. Mkiiona nzuri, ni yetu sote. Mkiiona ina kasoro, msininong'oneze ndiyo, ndiyo. Kesho na aje mmoja wenu, tena wa mtaa wa pili, airudie tuone.